Hatua Arobaini Kutoka Majini

Sijui kwa nini kazi hii imeniangukia mimi. Mwalimu wa shule amekuja na daftari jipya na kalamu mbili, kana kwamba moja nitaivunja, akaniambia niandike habari za wifi yangu Akinisi kwa kuwa hakuna aliyekaa naye miaka mingi kuliko mimi. Kukaa na mtu si kuandika. Herufi nilifundishwa na mama kwenye kitabu cha sala nikiwa na miaka saba, na tangu hapo nimeandika majina kwenye maboksi na vitu vya kununua dukani, basi. Lakini nikikataa daftari litapelekwa kwa Simiuni mchongaji, na Simiuni akiandika atajiweka yeye katikati. Kwa hiyo naandika. Vidole vinaniuma, mlijue hilo.

Akinisi hashikwi mkono. Boti ikigusa ufuko vijana hunyoosha mikono wamsaidie kushuka, naye huipita mikono ile kama mtu anavyopita nguzo, anatumbukia majini hadi magotini na kutembea. Ana miaka themanini na moja. Alizaliwa ndani ya nyumba ya theluji upande wa kusini wa visiwa hivi, mwaka ule ambao barafu ilikataa kufunguka na bata wa baharini wakafa kwa mamia, na watu husema ndiyo maana akawa fundi wa ngozi za bata: alizaliwa amezungukwa nazo, kilichobaki ni kuchuna. Koti lake ukilivaa mwezi wa kumi hulivui mpaka mwezi wa tano. Aliolewa na kaka yangu Alaku, akazaa watoto sita, wanne wakabaki. Yangekuwa hayo tu, mwalimu asingehangaika na daftari.

Habari ya Akinisi ni jiwe.

Kila nyumba ya wazee hapa kijijini kwetu Sanikiluaq, kaskazini ya mbali, ina taa ya jiwe, lile bakuli la nusu mwezi la kuwashia mafuta ya sili, mnyama wa baharini tunayemla. Siku hizi umeme upo, taa zimepanda juu ya kabati. Ya Akinisi haijapanda kabati. Iko mezani, na kila anayeingia lazima aigonge. Mwenyewe anakupa kisu chake cha duara anachokatia ngozi, anakuambia, "Tumia mgongo wake." Ukigonga, taa inalia kama kengele ndogo, na sauti inakaa hewani mpaka unaona haya kuongea. Taa zetu sisi wengine ukizigonga zinasema dhu, kama mlango. Jiwe lenye ufa ndani halilii. Taa ya Akinisi haina ufa hata mmoja. Ni ya kijani kinachokaribia weusi, na ubavuni ina mstari mmoja mweupe, mwembamba, kama mshono wa fundi mzuri.

Aliyeichonga ni baba yake, Putuguk, miaka miwili kabla Akinisi hajazaliwa. Alipoulizwa jiwe zuri namna hii kalitoa wapi, Putuguk alijibu maneno ambayo Akinisi anayajua kama sala. Alisema: "Ghuba ya Tumbo la Sili. Pale maji ya kujaa yanapokomea, mdomo wa jiwe uko wazi. Nilikata nimepiga magoti, bahari ikiniramba visigino." Hakuongeza. Hakumpeleka mtu. Kisha kifua kikambana, meli ikamchukua kwenda hospitali za kusini, na meli haikumrudisha. Akinisi alikuwa na miaka tisa.

Watu walikwenda Tumbo la Sili kutafuta. Walikuta mawe meusi yaliyovimba na kubanana kama mito ya kulalia, mawe ya moto wa zamani, magumu, yanayovunja patasi. Jiwe la kuchonga hawakuliona. Wakarudi wakasema Putuguk aliipata ile taa kwa kubadilishana na watu wa bara, ng'ambo ya bahari, akaona haya kusema. Waliisema kwa kucheka. Akinisi alikuwa amekaa pale anakula kome, mtoto mdogo, na aliniambia mwenyewe kwamba kome wale hawakuteremka.

Sasa lazima nieleze jambo la jina, maana mwalimu anasema daftari hili huenda likasomwa na watu wa mbali. Kwetu jina haliendi kaburini. Mtu akifa, jina lake anapewa mtoto, na mtoto huyo anakuwa ndiye, awe wa kike au wa kiume. Mtoto wa kiume wa Akinisi alipopata binti, Akinisi alimpa jina la Putuguk. Tangu siku ile humwita mjukuu wake Baba, na mjukuu humwita bibi yake binti yangu. Utawasikia dukani. "Binti yangu, acha hayo maboksi, nitabeba mimi." "Umeanza tena, Baba. Mgongo ni wangu au wako?" Muuguzi mmoja mgeni aliwahi kuandika kwenye faili kwamba bibi amechanganyikiwa, anamwita msichana baba. Akinisi alicheka wiki nzima.

Lakini hakucheka siku ambayo Putuguk mdogo, akiwa darasa la tatu, alirudi kutoka shule na kamasi na machozi pamoja. Watoto walikuwa wamemwambia, "Wewe ndiye uliyedanganya habari za jiwe." Walikuwa na haki yao kusema hivyo. Kama Putuguk wa kwanza alikuwa mwongo, basi huyu naye ni mwongo, maana ni yule yule. Akinisi alimfuta uso kwa kiganja akamwambia, "Hukudanganya, Baba. Ulisema lipo, lipo. Nitawaonyesha kwa macho yao."

Majira saba ya joto mfululizo, Akinisi na kaka yangu Alaku walikwenda Tumbo la Sili. Walipiga hema mahali pale pale, kamba ya hema ikifungwa kwenye msumari mkubwa wa chuma ambao mtu wa zamani aliupigilia kwenye ufa wa mwamba. Walishuka kila siku mpaka mstari wa maji ya kujaa, wakachimba, wakavunja, wakagonga. Kila jiwe lilisema dhu. Alaku alikuwa mpole, hakuwahi kulalamika mbele yake. Mbele yangu alilalamika. Aliniambia, "Dada, nimeoa mwamba." Nilimwambia nilimwonya. Baada ya mwaka wa saba moyo wake ulisimama akiwa anatengeneza injini ya boti, na Akinisi akaacha kwenda, kwa kuwa hakuwa na boti tena, si kwa kuwa alikubali.

Miaka ikapita. Putuguk mdogo akakua, akamaliza shule, akafanya kazi majira mawili na wapima miamba waliotoka kusini, wale wanaotembea na nyundo ndogo na kuchora nchi kwa rangi. Alibeba mikoba yao, na aliporudi alikuwa anajua kusoma mwamba kama sisi tunavyosoma theluji. Alituambia jiwe letu la kuchonga lilikuwa tope la chini ya bahari moja ya zamani sana, likapikwa na moto uliopita chini yake, miaka bilioni mbili iliyopita, samaki wakiwa bado hawajaumbwa.

"Hakuna samaki?" mimi nikauliza. "Sili walikuwa wanakula nini?"

"Sili pia hawakuwepo, bibi."

"Basi na nchi ya nini, kama hakuna cha kula?"

Akinisi alinikata jicho. "Mwache Baba amalize. Anaeleza mali yake."

Sasa chimbo letu la kisiwa cha mashariki, lile ambalo babu zetu walichimba na sisi tukachimba, lilianza kuisha. Shimo lilijaa maji, na kilichotoka kilitoka na nyufa. Mwaka juzi, barafu ilipoachia tu, Simiuni, ambaye ndiye mkubwa wa wachongaji, alipiga nyundo siku nzima akarudi na vipande vya kuchongea panya. Simiuni ni mtoto wa binamu yake Akinisi, mtu mnene, mkono wake mzuri na mdomo wake mkubwa. Aliitisha mkutano ukumbini. Akasema hakuna njia, lazima jiwe liagizwe kwa meli kutoka nchi za watu.

"Tusijisumbue," akasema. "Jiwe ni jiwe."

"Jiwe ni jiwe?" Akinisi akasema kutoka nyuma. "Na mke ni mke, Simiuni? Nikamwambie wako?"

Ukumbi ukacheka mpaka watoto wakaamka. Akinisi akatembea hadi mbele na begi lake la kushonea. Akatoa koti ambalo alikuwa hajalimaliza, ngozi za bata dume zimepangwa mstari mweusi, mstari mweupe, mweusi, mweupe. Akalitandaza juu ya meza ya wakubwa, kwenye vikombe vyao.

"Hii ni nchi yetu," akasema. "Ilikuwa imenyooka, ikasukumwa, ikakunjamana. Hata mtoto akipanda ndege anaona visiwa vyetu ni mikunjo." Akalisukuma koti kwa viganja viwili likainuka mikunjo. "Mstari huu mweupe ndio chimbo lako, Simiuni. Unaona unazama hapa? Hapa ni maji. Sasa wewe fundi niambie, ng'ambo ya mkunjo mstari unatokea au umeliwa?"

Simiuni alitazama koti. "Unatokea."

"Unatokea upande gani?"

"Upande wa machweo."

"Upande wa machweo kuna nini?"

Simiuni hakutaka kusema, lakini watu wote walikuwa wanamtazama. "Tumbo la Sili," akasema.

Putuguk mdogo akasimama, kijana wa miaka ishirini na tatu, kofia mkononi. Akasema ramani ya wale wapima miamba inachora hivyo hivyo, tabaka lile lile linazama chini ya maji na kuibuka ng'ambo. Mahali hasa ramani haisemi, imepaka rangi tu.

"Shangazi," Simiuni akasema, sasa kwa upole wa kumwonea mtu huruma, na upole huo ndio ulioharibu kila kitu. "Marehemu Alaku alichimba kule miaka saba. Kama jiwe lipo, linamkimbia nani?"

"Linawakimbia wavivu. Nipe boti mbili na watu, siku tatu."

"Na tukikosa?"

Akinisi aliinua koti lake akalikung'uta chai. "Nikikosa, ile taa naipeleka duka la ushirika waiweke karibu na sabuni. Na sitasema tena kwamba baba yangu alikuwa mkweli."

Hapo hakuna aliyecheka, kwa sababu baba yake alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi. Putuguk alimtazama bibi yake, akaikunja ile kofia, akaketi.

Tulikwenda watu tisa. Mimi nilikuwa wa kupika, na sitasema uongo, nilikuwa upande wa Simiuni. Njiani ukungu ulikuwa mzito, tulikuwa tunapiga kelele kutoka boti hadi boti tusipotezane. Tulipofika, Akinisi alishuka majini mwenyewe, akapanda, akafunga hema lake kwenye ule msumari wa chuma kama zamani, akaning'iniza birika. Kisha akashuka kwenye mstari wa maji ya kujaa, pale mwani mkavu unapoishia, akachora alama kwa kisigino.

"Hapa mpaka pale," akasema. "Msiruke hata unyayo."

Siku ya kwanza walichimba. Mawe yale meusi yaliyovimba, hayana huruma. Siku ya pili walichimba tena. Patasi tatu zilivunjika. Akinisi alikaa juu ya ndoo akigonga kila kipande kilichotoka. Dhu. Anakitupa. Dhu. Anakitupa. Simiuni alikuja na jiwe kubwa akaliweka miguuni kwake kama zawadi. "Ligonge na hili, shangazi. Labda ni kiziwi tu." Aligonga. Dhu. Wanaume waligeuza nyuso wacheke vizuri.

Jioni ile alikula nyama ya sili vipande viwili tu, na mtu anayemjua alijua maana yake. Nilipanda kukaa karibu naye.

"Wifi," nikamwambia, "hata kaka yangu alikuwa na mwisho."

"Kaka yako alikuwa anachimba huku anafikiria kulala."

"Na wewe unafikiria nini?"

Alikuwa anamtazama mjukuu wake aliyekuwa anaosha sufuria majini. "Nafikiria wamsemavyo," akasema. "Mimi nitakufa, jina langu watampa mtoto, litasafishwa. Lakini yeye amekaa na uongo ule tangu darasa la tatu, na mimi ndiye niliyeuleta ukumbini nikauweka mezani." Kisha akanigeukia. "Ukimwambia mtu nimesema hivi, koti la mwaka huu usahau."

Nimemwambia mtu leo, na koti nilishalipata.

Asubuhi ya siku ya tatu ukungu uliondoka. Simiuni alianza kukunja vitu mapema mno, anakunja kwa sauti. Putuguk alikuwa amekaa juu karibu na hema la bibi yake, anakunywa chai na kula mkate wa kukaanga, ameegemea mwamba ule wenye msumari. Nilimwona anaacha kutafuna. Aliweka kikombe chini. Akashika msumari kwa vidole, akaupapasa kwa chini, akauzunguka, akatazama bahari, akatazama msumari tena.

"Binti yangu," akaita. "Njoo hapa kidogo."

Akinisi alikuwa chini kwenye mstari wake, bado anagonga. "Nina kazi, Baba."

"Njoo."

Alipanda, anahema, amekasirika. Sisi wengine tukasogea, maana sauti ya msichana ilikuwa imebadilika.

"Hiki chuma aliweka nani?"

"Nani ajuaye. Wa zamani. Ni cha kufungia hema."

"Hema linavuta wapi?"

Akinisi akaonyesha nyuma, upande wa nchi kavu, hema lilikokuwa.

"Na chuma kimepinda wapi?"

Sote tuliangalia. Kilikuwa kimepinda kuelekea baharini. Na kwa chini, upande wa bahari, kilikuwa kimelika, kimekuwa chembamba kama mfupa wa shingo ya bata, kikawa laini. Kamba ya hema haili chuma namna hiyo. Mnyororo ndio unaokula chuma, mnyororo wa boti, unaovutwa na wimbi mchana na usiku.

"Nani angefunga boti huku juu?" Putuguk akauliza.

Tulikuwa tumesimama kwenye ukoga, ule uoto laini unaotanda juu ya mawe, na majani mafupi, maji yako chini kule. Simiuni alianza kuhesabu hatua kwa macho. Na nchi yetu kuinuka kidogo kidogo kutoka baharini, tangu barafu nzito ya kale ilipoiachia, si siri kwa mtu yeyote hapa. Mimi mwenyewe nimehamisha vichanja vyangu vya samaki mara mbili kufuata maji. Mwamba ambao mama alikuwa anafulia nguo, leo unaufikia na kiatu kikavu. Tunaona kila mwaka, tunasema bahari imekwenda, tunahamisha vichanja. Lakini neno la mkubwa hatulihamishi. Putuguk wa kwanza alisema maji yanapokomea, nasi tukayafuata maji yalipokwenda, mwaka baada ya mwaka, kila mwaka mbali zaidi kidogo na jiwe. Na kila mwaka wifi yangu alifunga hema lake kwenye jibu na kuliningʼinizia birika.

"Hapa ndipo yalipokuwa yanakomea," Putuguk akasema. "Alipokata jiwe, boti yake ilikuwa inaelea hapa. Tupande tuchimbe kwenye usawa wa chuma hiki. Chini tunapoteza muda."

Nilidhani Akinisi atafurahi. Hamumjui. Alisimama wima kama anapigwa picha.

"Baba yangu alisema maji ya kujaa yanapokomea," akasema. "Hakusema penye majani. Nimelishika neno lake zaidi ya miaka sabini sijalipindisha. Siwezi kulipindisha leo kwa sababu ya msumari."

"Shangazi," Simiuni akasema, na safari hii hakuwa na mzaha, "hata mimi naona—"

"Wewe ulikuwa unakunja hema. Kunja."

Putuguk akasimama. Ni mfupi kuliko bibi yake. Alifuta mafuta ya mkate kwenye suruali, akamkabili.

"Binti yangu," akasema, "neno lile ni la nani?"

"La baba yangu."

"Mimi ni nani?"

Akinisi aligeuza kisu chake mkononi.

"Neno ni langu," Putuguk akasema. "Nililisema mimi. Nilisema maji yanapokomea kwa sababu siku ile ndipo yalipokuwa yanakomea. Sasa yameshuka, na nasema tena ili unisikie. Mdomo wa jiwe uko huku juu."

Injini ya boti ya pili, iliyokuwa inawashwa, mtu aliizima. Akinisi alimtazama yule msichana kutoka kofia hadi viatu vya mpira, kisha kutoka viatu hadi kofia. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anatafuta mahali pa kukataa, na hakupaona. Angemkatalia mjukuu bila shida, amemkatalia mambo mengi. Kwa baba yake hakuwa na la kukataa.

"Kwa nini hukusema miaka yote hiyo, Baba?" akauliza mwishowe.

"Hukuwahi kuniuliza. Ulikuwa unaniambia tu."

Akinisi akavuta kamasi, akageuka. "Mmesikia," akatuambia sisi, kama vile sisi ndio tuliokuwa tunabisha. "Putuguk amesema huku juu. Mbona mmesimama?"

Walichukua usawa wa msumari kwa kamba na chupa ya maji, kazi ya Putuguk aliyofundishwa na wale wa nyundo, wakaufuata ubavuni mwa ghuba. Ukoga kule ni mnene kama godoro. Akinisi hakuruhusu majembe. Alipiga magoti mwenyewe, akaukata ukoga kwa kisu chake cha duara na kuuchuna kwa mkono, mkono mmoja unavuta, kisu kinapita chini, vile vile anavyochuna bata. Alichuna vipande vitatu. Vya kwanza viwili vilikuwa na mawe meusi chini yake. Cha tatu kilipotoka, chini palikuwa na kijani.

Aliendelea kuchuna. Jiwe lilikuwa limelala kwa upana wa mlango, likaingia chini ya mwamba mweusi kama ulimi. Na pembeni yake, palikuwa na alama za patasi, wazi, kana kwamba mtu amekwenda kunywa chai na atarudi. Mistari ya patasi ilizunguka shimo la nusu mwezi, mahali bonge lilipotolewa. Ukingoni mwa shimo lile ulipita mstari mmoja mweupe, mwembamba, ukakatika pale bonge lilipokatika.

Hakuna aliyehitaji kuletewa taa aone. Sote tulikuwa tumeigonga.

Akinisi aligeuza kisu akagonga kwa mgongo wake. Jiwe lililia. Sauti ilitoka pale ikazunguka ghuba, na bata waliokuwa majini wakanyanyua shingo.

Simiuni alivua kofia. Alimwendea Putuguk, si Akinisi, na hilo nampa, alijua deni liko wapi. "Nilisema ulilipata kwa kubadilishana," akamwambia yule msichana. "Nilisema hivyo tangu utoto wangu. Sikujua."

"Sasa unajua," Putuguk akasema. Kisha akacheka, kwa kuwa bado ni kijana. "Beba bonge la kwanza."

"La kwanza ni la shangazi."

"Ndiyo maana nakuambia ubebe."

Alibeba. Lilikuwa na uzito wa sili mzima, na Akinisi alitembea nyuma yake njia yote akimwambia aweke miguu wapi. Kutoka mdomo wa jiwe hadi mstari aliochora kwa kisigino nilihesabu mimi mwenyewe hatua arobaini. Nilimwambia.

"Wifi, ulikosea hatua arobaini."

"Nchi ya miaka bilioni mbili," akasema, "na mimi nikakosea hatua arobaini tu. Wewe ulikosea kabisa."

Wachongaji wanachimba Tumbo la Sili sasa mwaka wa pili, na kila bonge linalia. Taa iko mezani kwake, haikwenda karibu na sabuni. Watoto wa shule wakimwona Putuguk wanamuuliza jiwe zuri liko wapi, naye anawaonyesha kwa kidole. Na Akinisi hushuka kwenye boti mwenyewe, isipokuwa Putuguk akinyoosha mkono na kusema, "Binti yangu, shika." Hapo anashika, huku amegeuza uso ili tusione.

Nimemaliza, na kalamu ya pili sikuigusa. Sasa ni zamu yako wewe uliyesoma. Nenda kwa mtu mzima kuliko wote nyumbani kwako, umuulize maji yalikuwa yanafika wapi alipokuwa mtoto, mto au bahari au kisima, chochote mlicho nacho, na mtembee pamoja mpaka mahali penyewe, kwa miguu. Hesabu hatua. Kisha niandikie ni ngapi. Kwenye karatasi, na uandike kwa herufi kubwa, macho yangu hayasomi vidudu.